Mpishi Aliyekatazwa Kupika

Katika watu wote niliowahi kuwajua, hakuna aliyechukia kupika kama Mpishi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Lodwar wanapomzungumzia siku hizi hulainisha sauti, wakasema mwanamke yule alilipenda jiko lake. Hakulipenda hata kidogo. Mungu alimpa mkono, akasahau kumpa moyo wa kuendana nao, na maisha yake yote yalikuwa ugomvi kati ya vitu hivyo viwili.

Nilimkuta katika shule ya bweni niliyosomea. Sisi wasichana tulimwita Mpishi, walimu walimwita Mpishi, na hata alipokuja kuwa jirani yetu mtaani Napetet baada ya kustaafu, mama yangu alikuwa akiita juu ya ua, "Mpishi, una chumvi?" Jina lake lingine sikuwahi kulisikia likitamkwa, na sitalitafuta sasa.

Alikuwa mrefu na mwembamba, mkavu kama fimbo ya kuchungia. Wageni wa shule walikuwa wakimpita wakimtafuta mpishi. Yeye mwenyewe alilieleza jambo hilo hivi: "Mpishi akinenepa, mwalimu mkuu anaanza kupima mafuta." Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na yote ilikuwa na uchungu ndani. "Mwiko hauna pensheni." "Shukrani ya mlaji inaishia kooni." Huu wa mwisho aliusema kila mara msichana aliposema asante, mpaka tukaacha kusema asante, kisha akaanza kulalamika kwamba tumekosa adabu.

Maharagwe yake sijawahi kuyapata kwingine. Nimejaribu kufikiri yalikuwa na nini, na nimefikiri kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kufikiria maharagwe. Hayakuwa na kitu cha siri. Alikuwa tu hawezi kuacha kitu kiharibike mbele yake. Kama ugali ulikuwa unashika chini alikuwa anauokoa huku akiutukana.

Jambo ambalo wachache walilijua ni kwamba hakula chakula chake. Mchana, baada ya kutupakulia, alikuwa akienda duka lililo nyuma ya shule, ananunua mkate na soda, anakula nyuma ya mlango akiwa ameuelekeza uso ukutani. Nilimfuma siku moja nilipotumwa chaki. Kwetu mtu hali peke yake akajificha. Hata mtoto anajua kwamba mlango ukifunguka, kilichoko mkononi ni chenu wote. Nilidhani atanigawia. Akaniangalia, akameza, akasema:

"Tangu asubuhi watu wanaangalia mkono wangu. Huu mkate hauangaliwi na mtu. Toka."

Nilitoka. Wakati ule nilidhani ni uchoyo. Sasa nadhani ndipo yote yaliyokuja baadaye yalipoanzia. Mpishi aliamini kwamba kila binadamu, moyoni mwake, anatamani kula bila kutazamwa, na kwamba aibu tu ndiyo inayomzuia. Aliamini hivyo kwa sababu yeye alikuwa hivyo.

Kanisani alikaa nyuma kabisa. Kina mama walipokuja kumwomba apike kwenye sherehe za ubatizo alikuwa akijibu, "Yesu alilisha watu elfu tano na hakuniomba mwiko." Hakupika bure. Hakupikia ndugu, hakupikia padri, na alipofiwa na mumewe alikaa kitini akaacha wengine wapike, akala kidogo, akasema chumvi imezidi.

Basi kampuni ilipokuja Lodwar na habari ya fursa, ilimkuta ameshaiva.

Ilikuwa kampuni ya Nairobi iliyouza vyakula vilivyopikwa tayari. Walivipika huko kwa mashine, wakavigandisha, wakavifungia kwenye boksi la mtu mmoja: pilau, wali kwa kuku, ndengu kwa chapati, githeri. Walikuwa wanatafuta watu wa kununua haki ya kuviuza mikoani chini ya jina lao. Walikodi ukumbi wa hoteli, wakaleta afisa kijana mwenye suti iliyombana na meno mazuri. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa na shahada ya biashara, sina kazi, na nilikuwa ninahudhuria chochote kilichokuwa na viti na maji ya chupa. Mpishi alikuwa ameketi mstari wa mbele, mkoba magotini.

Afisa alisema maneno mengi. Moja tu lilimwingia Mpishi. "Huhitaji kujua kupika," alisema. "Unapasha moto, unafungua, unauza. Hata mtoto anaweza." Nilimwona Mpishi akifumba macho kama mtu aliyetiwa maji ya baraka.

Wiki iliyofuata aliniita kwake nimsomee mkataba. Alijua kusoma, lakini alisema mkataba ni Kiingereza cha watu wanaoficha kitu, na mimi nilikuwa nimesomea kuficha. Alikuwa ananiita Digrii. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa, nikitafsiri, na kila nilipofika kwenye jambo la hatari nilikuwa nasita, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu.

"Soma hapo penye umenyamaza," akasema.

"Ni kipengele tu, Mama."

"Kisome."

Nikamsomea. Wakala hatapika wala hatauza chakula kingine chochote ndani ya kaunti nzima ya Turkana, kwa malipo au manufaa ya aina yoyote, muda wote wa mkataba na miaka miwili baada ya mkataba kuisha, kwa sababu yoyote ile itakayoumaliza. Akivunja, kuna faini. Nilitaja faini yenyewe, nasi wote wawili tukaangalia chini.

"Rudia ile ya kwanza," akasema.

Nikarudia.

Alicheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma. "Digrii, nimeomba Mungu miaka yote mtu anikataze kupika. Leo amekuja na muhuri, na wewe unakunja uso?"

"Na biashara ikianguka? Kitu unachojua ni kupika. Watakuwa wamekufunga mikono."

"Ikianguka nitaketi."

"Utakula nini?"

"Nitakula kile wasiojua kupika wanakula. Wewe hujui kupika na bado uko hai."

Akatia sahihi kwa mwandiko wa polepole. Kiinua mgongo chake kilikwenda hapo, na mbuzi alioachiwa na mumewe wakaenda hapo pia. Mimi akaniajiri kuuza kaunta.

Napenda kumkumbuka jinsi alivyokuwa miezi ile ya kwanza, ingawa ilikuwa furaha ya kuchekesha. Aliacha leso ya kichwa, akanunua wigi. Aliketi kwenye kiti kirefu kilichozunguka, mikono juu ya mapaja, haigusi kitu. Mikono ile ilikuwa haijui ifanye nini. Mara nyingine niliiona ikikoroga hewa kidogo. Mteja akiingia alikuwa akisema, "Good morning, customer," kisha ananitazama nifanye kazi. Kwenye ukuta kulikuwa na picha ya mwanamke wa Nairobi akila pilau peke yake, akitabasamu na uma.

"Ona vile ametulia," Mpishi alikuwa akiniambia. "Hakuna mtu anamwambia niongezee mchuzi."

Joto lilitusumbua, stima ilikatika, lori la kutoka Kitale lilichelewa mto ulipojaa barabarani. Lakini hayo yote tungeyavumilia. Kilichotuumiza ni boksi lenyewe.

Siku moja waliingia wazee wa mifugo kutoka upande wa Namoruputh, waliokuja mjini kwa shughuli za mnada. Walikuwa wanne. Mmoja alinunua boksi la pilau, akalifungua, akaliweka mezani, akalizungusha.

"Hii ni ya nani?" akaniuliza.

"Ni yako, mzee."

"Na hawa?"

"Kila mtu na boksi yake."

Alifikiri. "Mtu anapewa chombo yake peke yake akiwa mgonjwa. Kwani sisi ni wagonjwa?"

Mpishi alishuka kitini. "Ni usafi, mzee. Nairobi wanakula hivyo."

"Nairobi wanaumwa nini?"

Wenzake walicheka. Walisukuma boksi katikati ya meza, kila mmoja akachukua tonge moja kwa heshima, likaisha, wakaondoka kwenda hoteli ya jirani ambako waliletewa sinia ya nyama. Tuliwaona kupitia dirisha. Nilimwambia Mpishi, kwa uangalifu mkubwa, kwamba labda tatizo si bei wala ladha, labda ni hesabu ya watu kwenye boksi.

"Watazoea," akasema. "Walizoea viatu."

Waliotuzoea walikuwa wa kujificha. Kulikuwa na karani aliyetia boksi lake kwenye mkoba wa kompyuta. Kulikuwa na mwanamke wa ofisi fulani aliyekula ndani ya gari, vioo vimepandishwa, katika joto la Lodwar, jasho likimtiririkia kwenye githeri. Hao Mpishi aliwapenda. Aliwapungia mkono. "Hao ndio watu wangu," alisema, nami nilihuzunika, kwa sababu niliona kwamba watu wake katika mji mzima hawatoshi kujaza benchi moja.

Kampuni ilishauri ahamie Kakuma, kwenye wafanyakazi wa mashirika ya kambi ya wakimbizi. Ushauri huo, nakiri, ulikuwa na akili. Tulikodi kontena karibu na barabara kubwa, tukapeleka friza na kile kiti cha kuzunguka. Wafanyakazi wale walikuwa watu wa kutoka mbali, wanaokula mbele ya kompyuta. Walinunua bila kuuliza boksi ni la wangapi. Mpishi alinawiri. Alianza kusema "tawi letu la Kakuma" kana kwamba la Lodwar lilikuwa bado lipo.

Kisha mashirika yakaanza kupunguza watu. Kila Ijumaa tulisikia fulani ameaga. Wateja wetu walikuja kununua boksi la mwisho wakiwa na masanduku yao garini. Lakini mkataba ulisema lazima tupokee idadi yetu ya maboksi kila mwezi, yauzike yasiuzike, na yakifika tarehe yake yatupwe, yasigawiwe. Friza ikajaa mpaka mfuniko ukakataa kufunga. Mimi nilikosa usingizi. Nilipiga hesabu kichwani ya mambo ambayo hayajatokea: kampuni itatufunga, Mpishi atarudi Napetet hana mbuzi, hana kazi, na mkono wake umefungwa kwa kalamu yake mwenyewe. Nilimwambia hofu hiyo kila siku. Alinijibu kwamba mimi ningezaliwa mwanamume ningekufa kwa kuogopa kunyoa.

Jirani yetu pale alikuwa Mama Neema, Mkongomani wa kambini aliyeuza sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo chini ya turubai. Alikuwa anamtazama Mpishi kwa huruma ya mfanyabiashara.

"Dada, hii chakula yako, nani aliipikaka?" akamuuliza.

"Kampuni."

"Kampuni iko na mikono?"

"Iko na mashini."

"Basi ndiyo maana watu banaogopa. Chakula yenye haina mutu. Ukiumwa tumbo utamutukana nani?"

"Na wako wakiumwa wanamtukana nani?"

"Mimi. Bananitukana asubuhi, saa sita banarudi kula."

Mpishi alirudi kwenye kiti chake cha kuzunguka.

Kilichotugeuza kilikuja na vijana wanne wa Sudan Kusini waliotoka kucheza mpira. Walinunua boksi moja la wali kwa kuku na wakaomba vijiko vinne. Nilianza kueleza. Mpishi aliwatazama wale vijana warefu wakiinamia kiboksi kile kama watu wanaochungulia kisima. Akaamka kitini. Akachukua boksi kutoka mikononi mwao, akafungua la pili na la tatu, akamimina yote kwenye sinia aliyoazima kwa Mama Neema, akaisukuma mbele yao.

"Mama, hairuhusiwi kuchanganya," nikasema.

"Funga mdomo, leta vijiko."

Walikula. Kesho yake wakaja wanane. Lakini chakula cha boksi kikitolewa kwenye boksi huonekana kilivyo: kikavu na kidogo. Mpishi alikitazama juu ya sinia akaona haya, na haya yale hayakumwacha. Mara akakaanga kitunguu cha kutia juu. Mara akachemsha wali wa kuongezea. Mara akatia samli ya mbuzi iliyotoka kwa wenyeji. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya kontena amechutama mbele ya jiko la makaa, wigi ameliweka juu ya ndoo, sufuria inachemka.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Sipiki. Narekebisha."

Alirekebisha kwa hasira kuu. Kila alichokitia sufuriani alikitukana kwanza. Watu walipolamba vidole aliwaambia waache kelele. Wasomali wa sokoni walikuja na sinia zao wenyewe, wachuuzi wa Burundi wakaja, wenyeji waliokuwa wakituona wagonjwa wakaja. Hakuna aliyetaja jina la kampuni, ingawa bango lake lilikuwa kubwa na lenye taa. Walisema, "Twende kwa Mpishi." Maboksi yote yalikuwa yanaisha, tena kabla ya tarehe. Nilimkumbusha kipengele. Nilimkumbusha faini. Akasema, "Wanapata hela yao au hawapati?" Walikuwa wanapata. Nikaanza kuamini, kwa namna yangu ya kuamini huku bado nikipiga hesabu ya faini, kwamba labda faida itatusamehe.

Afisa wa meno mazuri alikuja bila kutoa habari. Gari jeupe lilisimama, akashuka, akaona umati. Aliketi benchini kati ya vijana, akakunja mkono wa shati, akala. Nakumbuka alifunga macho kwenye tonge la kwanza. Kisha akamuuliza Mpishi, kwa Kiswahili kizuri chenye adabu:

"Mama, hii ni kazi ya nani?"

Nilimkonyeza Mpishi. Nilikohoa. Nilidondosha kijiko. Mtu aliyeishi akidharau shukrani za walaji wote wa dunia alisimama wima, akapangusa mikono, akasema, "Yangu."

Na akamweleza. Alimweleza kama mkurugenzi anavyomweleza mkurugenzi mwenzake. Alimweleza habari ya watu wanne na boksi moja, kwamba wakubwa wa Nairobi wamekosea, wauze sinia na si boksi, na kitunguu kitiwe juu, kisitiwe ndani. Afisa alipiga picha: sinia, jiko, sufuria, Mpishi mwenyewe akiwa ameshika mwiko na akitabasamu. Aliagana naye kwa mikono yote miwili.

"Umeona?" Mpishi akaniambia gari lilipoondoka. "Huyo amesoma kuliko wewe na hana wasiwasi."

Barua ilifika kabla ya mwezi kuisha. Mkataba umevunjwa kwa kosa la wakala. Walichukua friza, walichukua bango, kiti cha kuzunguka wakakiacha kwa kuwa hakikuwa chao. Faini hawakuidai; waliandika kwamba kwa kuzingatia umri wake wanamhurumia, ila katazo la miaka miwili linabaki, na likivunjwa tena huruma hiyo itaondolewa. Niliisoma kwa sauti. Hakuniambia nirudie.

Baadaye kampuni ilianza kuuza sinia ya watu wanne. Wakala mpya yuko Lodwar, na picha kwenye tangazo lake ina kitunguu juu.

Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja niliyesoma na dada yake. Alisema kipengele kama kile labda kisingesimama mahakamani, labda, ila kesi ni ndefu. Nilimpelekea Mpishi habari hiyo mbio. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kuzunguka, uani Napetet, akiutazama ukuta.

"Labda haisongi ugali," akasema. "Walinikamata mara moja kwa sababu ya mdomo wangu. Hawatanikamata mara ya pili."

Hapo ndipo watu wa Lodwar walipomkumbuka. Katazo lilikuwa la kupika kwa malipo. Kupika bure hakukukatazwa. Sijui nani aliyeligundua jambo hilo kwanza, lakini lilienea upesi. Familia ikifiwa, mtu anasema, "Mwiteni Mpishi, yule haruhusiwi kulipwa." Kanisa likiwa na sherehe, mwiteni Mpishi. Walikuja watu wenye magari, wanawake tuliosoma nao waliokuwa wakicheka wembamba wake, mwenyekiti wa harambee hii na ile. Walimchukua asubuhi na kumrudisha jioni ananuka moshi. Walimwambia asante. Wengine walimwambia Mungu atamlipa, na waliposema hivyo walionekana wamefarijika sana.

Na yeye, aliyekataa kumpikia padri, alikwenda. Nilijiuliza kwa nini, nikajiuliza tena. Siku moja nilimuuliza yeye mwenyewe juu ya ua.

"Nikikaa kwa nyumba, mikono inanisumbua," akasema, akaingia ndani kama mtu aliyetaja ugonjwa wa aibu.

Mimi kampuni ilinipigia simu. Walikuwa wanahitaji mtu wa kuzungukia mawakala wa Turkana, anayejua njia na anayejua lugha. Nilifikiria wiki nzima. Niliandika sababu za kukataa, zikajaa ukurasa, kisha mama yangu akasema kazi ni kazi, nikaenda. Nimepewa shati lenye nembo na kipimajoto cha friza. Kazi yangu ni kuangalia kwamba vifuniko havijafunguliwa kabla ya mteja kufika. Bado niko kwenye miezi ya majaribio. Mpishi aliposikia, mama yangu aliniambia, hakusema neno baya. Aliuliza tu kama shati ni la pamba.

Tumeonana mara moja tu tangu hapo, maana kazi hunilaza njiani. Ilikuwa Kerio, kwenye mazishi ya baba wa rafiki yangu wa shule, mzee aliyefuga mbuzi na kuvua kidogo. Nilifika na gari la kazi kwa kuwa sikuwa na lingine, na shati la nembo kwa kuwa nilitoka Kalokol moja kwa moja. Nyuma ya nyumba, upepo ukipeperusha mchanga, Mpishi alikuwa amezungushia masufuria yake mabati na magunia. Alikuwa amezeeka usoni. Wembamba ulikuwa ule ule.

"Ejok, Mama," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi. Umekuja kula ama kukagua?"

"Kuzika, Mama."

"Basi shika mwiko. Usikoroge kama mtu anatafuta kitu amepoteza."

Nilikoroga. Aliniangalia, akaninyang'anya mwiko, akakoroga mwenyewe.

"Umenenepa," akasema.

"Kazi ya kuketi."

"Hiyo ndiyo mimi nilitaka."

Hakusema kwa chuki. Nilimwambia kwamba katazo limebakisha miezi michache tu, na kwamba likiisha anaweza kufungua hoteli yake, kwa jina lake, na Lodwar nzima itakuja. Nilikuwa nimeliandaa wazo hilo njiani, na nilimweleza mpaka sehemu ya leseni ya afya.

"Siku wataniruhusu, nitakataa," akasema. "Nitakaa pale kwangu, watu wakuje na hela mkononi, niwaambie hapana. Hebu na mimi niwe na kitu ya kukataa."

Waombolezaji walikula. Walikula vizuri, wamekaa duara duara mchangani, na kelele za msiba zikatulia kama zinavyotulia watu wanaposhiba. Ndipo mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume mwenye watoto wake, akaja nyuma ya nyumba akivuta mbuzi jike mweupe kwa kamba. Mjane alikuwa nyuma yake, na baadhi ya wazee.

"Mpishi," akasema, "mama amesema huyu ni wako. Tumesikia hiyo maneno ya mjini. Hatukulipi. Ni heshima ya nyumba hii kwa mtu amepika kilio yetu. Ukimwacha utatutia aibu."

Alikuwa mbuzi mzuri, mwenye mimba. Kwa mtu aliyeuza mbuzi wake wote, huyo alikuwa mwanzo wa zizi. Mpishi alipangusa mikono kwenye nguo. Aliunyosha mmoja, akaushusha, kisha akanitazama mimi.

"Bosi wa kampuni yuko hapa," akamwambia yule mwanamume. "Muulize."

Hakuwa amewahi kuniita bosi. Wote waligeuka, wakaliangalia shati langu.

Jibu lilikuwa neno moja, na kila mtu pale alikuwa nalo mdomoni tayari kunisaidia. Lakini mimi nilikuwa ninaviona vile vipande vya kipengele: kwa malipo au manufaa ya aina yoyote. Mbuzi ni manufaa. Lakini heshima ya msiba si biashara. Lakini ametolewa baada ya kazi, si kabla. Lakini wakala mpya ana shemeji yake Kerio, na nilikuwa nimemwona mtu akipiga picha za masufuria. Na kama nikisema chukua, nimesema kama nani, kama mtoto wa jirani au kama kampuni? Niliona meno ya afisa. Niliona mwisho wa miezi yangu ya majaribio. Nilikuwa kweli ninatafuta njia ya kusema ndiyo ambayo isingekuwa imetoka kwangu.

"Inategemea," nikasema.

Mjane aliangalia chini. Mpishi alitikisa kichwa polepole, bila kushangaa, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa.

"Mmesikia," akasema. "Mrudishe kwa wenzake, baba. Mchanga una moto kwa kwato."

Mwanamume alisimama pale na kamba, akimtazama mama yake, akinitazama mimi. Nilifungua mdomo kuanza sentensi nyingine, ndefu zaidi. Mpishi alikuwa ameshainama, anavuta kuni nje ya moto, kwa sababu wali wa awamu ya pili ulikuwa umeiva.